Alfred Nobel: mwenye dinamiti aliyeandikiwa mafuta yake kama dawa

Wandugu wa mine, na ninyi wamama mnaongoja mabwana warudi toka chini ya udongo, dinamiti wote tunaijua. Aliyeitengeneza ni Alfred Nobel, mutu wa Uswidi, inchi ya baridi kule Ulaya ya kaskazini. Alizaliwa Stockholm tarehe 21 Oktoba 1833. Baba yake alifilisika, akaenda kutafuta maisha Urusi, na kisha jamaa yote ikamufuata. Kule Alfred alisomeshwa nyumbani, na kemia njo ilimukamata roho.

Mwaka 1847 mutu mwengine, Ascanio Sobrero wa Italia, alikuwa amepata mafuta yenye kulipuka, nitrogliserini. Alionja kidogo tu kwa ulimi, kichwa kikamuuma vibaya sana. Alfred akataka mafuta hayo yapasue mawe. Tarehe 3 Septemba 1864 nyumba yao ya kazi pale Heleneborg, Stockholm, ikalipuka. Watu 5 wakafa, na kati yao Emil, mudogo wake wa tumbo moja. Hakuacha. Mwaka 1867 akapata dawa ya hatari ile: kunyonyesha mafuta katika udongo mwepesi, ili mutu aweze kuyabeba. Njo dinamiti. Akatajirika sana.

Juu ya utajiri wake wengi wamekwisha kuandika. Mimi mutu wa sindika naangalia kwanza watumishi wa viwanda vya dinamiti. Mafuta yale yanapita katika ngozi na katika pumzi. Lundi, siku ya kurudia kazi, kichwa kilikuwa kinawapasuka. Kufika katikati ya juma mwili umezoea, maumivu yanaisha. Wakipumzika siku ya Mungu, lundi inaanza tena! Wengine walikuwa wanapakaa mafuta kidogo ndani ya kofia, ili mwili usisahau. Na kuko waliokamatwa na maumivu ya kifua si kazini, lakini siku ya kupumzika.

Sababu ni nini? Nitrogliserini inafungua mishipa ya damu. Mishipa ya kichwa ikipanuka, kichwa kinauma. Mwili ukizoea, halafu mafuta yakikosekana siku mbili, mishipa inajikaza, na moyo unakosa damu.

(Moshi ya baruti kisha mulipuko ni mambo ingine. Ndani yake kuko monoksidi ya kaboni, na ile gesi ya rangi nyekundu-nyekundu inayoharibu mapafu, mara ingine ugonjwa unatokea saa nyingi nyuma. Musirudi pale mbele hewa haijasafishwa, hata chef akipiga kelele.)

Waganga nao walikuwa wanaangalia. Mwaka ule ule wa 1867, munganga Lauder Brunton, pale Edinburgh, aliwavutisha wagonjwa wa moyo mvuke wa nitriti ya amili, na maumivu ya kifua yakapunguka. Mwaka 1879 William Murrell wa London akaandika kwamba matone ya nitrogliserini, kidogo kabisa na yakichanganywa na maji, yanafanya kazi ile ile.

Sasa Nobel mwenyewe akashikwa na moyo. Mwaka 1896 waganga wa Paris wakamwandikia nitrogliserini. Alimwandikia musaidizi wake Ragnar Sohlman akishangaa namna maisha inamuchekea: wameibatiza jina la Trinitrini, ili wenye duka la dawa na watu wasiogope. Hakukaa siku nyingi. Tarehe 10 Desemba 1896 alikufa San Remo, Italia, mushipa wa ubongo ulipasuka. Hakuwa na mke wala mutoto. Mali nyingi aliiachia zawadi zinazoitwa kwa jina lake.

Lakini namna mafuta yale yanafungua mishipa, yeye hakuijua hata siku moja. Mwaka 1977 Ferid Murad wa Marekani alionyesha kwamba nitrogliserini inatoa gesi moja, oksidi ya nitriki. Wenzake Robert Furchgott na Louis Ignarro wakavumbua kwamba ngozi ya ndani ya mishipa yetu inatengeneza gesi hiyo yenyewe: inaambia musuli wa mushipa ulegee, na damu inapita. Ni gesi inayodumu paka sekunde chache. Wote watatu walipewa zawadi ya Nobel ya uganga, Stockholm, tarehe 10 Desemba 1998, siku ile ile ya kukumbuka kifo chake.