Ada Lovelace: Aliyesaka makosa ya programu kabla ya kompyuta

Kijana anayejifunza kuandika programu Mulongo, kando ya Mto Lualaba, hukutana na kosa lile lile linalomsumbua mwenzake wa Kamina au Nairobi. Hatua zinazorudiwa zinakwenda vizuri, kisha katika zamu fulani programu inachukua thamani kutoka nafasi isiyo yake kwenye orodha. Kompyuta hailalamiki. Inatoa jibu, na jibu si sahihi.

Jambo hilo lilikuwa tayari kwenye karatasi mwaka 1843, mikononi mwa mwanamke wa Kiingereza, Ada Lovelace, wakati ambapo duniani hapakuwa na kompyuta hata moja.

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake alikuwa mshairi Lord Byron, mama yake Annabella Milbanke. Wazazi walitengana mtoto akiwa na mwezi mmoja tu. Byron aliondoka Uingereza mwaka 1816 na hakumwona tena binti yake. Alifia Ugiriki mwaka 1824. Mama, akihofia mtoto asirithi tabia za baba, alimtafutia walimu wa hesabu, jambo ambalo wasichana wengi wa enzi hizo hawakulipata.

Akiwa na miaka 17 alikutana na Charles Babbage, mwanahesabu aliyekuwa akibuni mashine za kukokotoa. Baadaye aliolewa na William King, wakapata watoto watatu, na mumewe alipopewa cheo cha Earl of Lovelace mwaka 1838 ndipo Ada akapata jina tunalomjua nalo.

Mwaka 1842 Mtaliano Luigi Menabrea alichapisha kwa Kifaransa makala kuhusu mashine mpya ya Babbage. Ada aliitafsiri kwa Kiingereza, kisha akaongeza maelezo yake yaliyokuwa marefu karibu mara 3 ya makala yenyewe. Aliyatia sahihi kwa herufi tatu tu, A.A.L.

Katika maelezo ya mwisho kuna jedwali la hatua 25 za kukokotoa namba za Bernoulli, mfululizo ambao kila namba mpya hupatikana kwa kutumia zilizotangulia. Mashine ingehifadhi kila thamani kwenye nguzo ya magurudumu yenye namba yake. Hatua ya 13 hadi ya 23 zilipaswa kurudiwa. Hapo Ada aliona kitu ambacho wanafunzi wengi hukisahau hadi leo: hatua hazirudiwi zote kwa namna moja. Hatua ya 21 lazima kila zamu ichukue namba kutoka nguzo mpya, na hatua ya 24 lazima iweke jibu lake kwenye nguzo mpya. Asiyesogeza namba ya nguzo atarudia kuzidisha thamani ya jana.

Waluba wanalo jambo la karibu na hilo: lukasa, ubao wenye shanga ambao wanachama wa Mbudye waliusoma wakisimulia habari za wafalme. Maana ya ushanga hutegemea pia mahali ulipo.

Pembeni mwa jina la kila nguzo Ada aliweka kinamba kidogo kuonyesha thamani yake imebadilika mara ngapi. Ni kazi ile ile anayoifanya leo mtu anayechora jedwali la thamani zamu kwa zamu ili aone programu ilipopotoka. Alilichora kwa penseli, na mumewe akapitisha wino juu yake.

Babbage alisimulia baadaye kwamba alijitolea kumfanyia hesabu za sehemu hiyo ili kumpunguzia kazi. Ada alimrudishia karatasi, kwa sababu alikuwa amegundua humo kosa kubwa la Babbage mwenyewe. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha programu hiyo ni cha Ada, maana Babbage alikuwa ameandika mifano yake miaka kadhaa kabla. Ubishi huo ni wa haki, lakini habari ya kosa lililorudishwa imetoka kwa Babbage, si kwa mashabiki wa Ada.

Hata hivyo jedwali lililochapishwa lina kasoro yake. Hatua ya 4 inaagiza nguzo ya 5 igawanywe kwa nguzo ya 4, kinyume na inavyotakiwa. Katika mfano wake, mashine ingegawanya 9 kwa 7 badala ya 7 kwa 9, na jibu la mwisho lingeharibika. Huenda ni mpiga chapa aliyekosea, kwa kuwa safu ya matokeo pembeni ina jibu sahihi. Mashine yenyewe haikukamilika kamwe, hivyo hapakuwa na cha kulifichua kosa hilo.

Miaka yake ya mwisho haikuwa mizuri. Alipoteza fedha nyingi kwenye kamari ya farasi, kisha saratani ya mfuko wa uzazi ikamshika. Alifariki tarehe 27 Novemba 1852 akiwa na miaka 36, umri aliokufa nao baba yake, na akazikwa kando yake huko Hucknall.

Maelezo yake yalichapishwa upya mwaka 1953, kompyuta za kwanza zikiwa zimeanza kazi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipotengeneza lugha ya programu kwa mifumo yake, iliipa jina Ada, na kiwango chake cha mwaka 1980 kikapewa namba 1815, mwaka aliozaliwa. Katika lugha hiyo mwandishi hutangaza mwanzo na mwisho wa kila orodha, na kwa kawaida programu ikigusa nafasi iliyo nje ya mipaka hiyo, hosimamishwa hapo hapo na kosa kutajwa.