Christopher Reeve, seli shina na kidonda cha mgandamizo

Wengi wanamkumbuka akipaa angani. Mwaka 1978 Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani mzaliwa wa New York, alicheza Superman, na sura yake ikajulikana dunia nzima.

Tarehe 27 Mei 1995 alikuwa kwenye mashindano ya farasi huko Virginia. Farasi aligoma kuruka kiunzi, naye akaanguka kwa kichwa. Alivaa kofia ngumu, lakini pingili mbili za juu kabisa za shingo zilivunjika na mishipa ya fahamu inayopita humo ikaumia. Ikiumia juu hivyo, ujumbe wa ubongo haufiki tena mikononi, miguuni, wala kwenye misuli ya kupumulia. Akawa anapumua kwa mashine. Mtoto wake wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka 3.

Mkewe, Dana, alisimama naye. (Walezi mnaosoma hapa mnajua kazi hiyo ikoje saa nane usiku.)

Reeve hakukata tamaa. Alifanya mazoezi, na mwaka 2000 akaweza kusogeza kidole cha shahada. Alikwenda mbele ya Seneti kutetea utafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukua na kuwa seli za aina nyingine. Wataalamu walitumaini, na bado wanatumaini, kwamba zitasaidia kurekebisha palipoumia. Majaribio yanaendelea, ila mpaka sasa hakuna sindano ya seli shina iliyothibitishwa kumrudishia mgonjwa wa namna hii uwezo wa kutembea. Kwa hiyo mama, ukiambiwa uuze shamba ili mwanao akachomwe, muulize kwanza daktari anayemtibu.

Mwaka 2004 Reeve alikuwa akitibiwa kidonda cha mgandamizo, kile kinachotokana na kukaa au kulalia sehemu moja muda mrefu. Maambukizi yalikuwa yameenea mwilini. Moyo ulisimama, akapoteza fahamu, na tarehe 10 Oktoba akafariki akiwa na miaka 52.

Alikuwa na pesa na wauguzi, na kidonda kilimpata vilevile. Ndiyo maana namsimulia kila ninapotembelea nyumba yenye mgonjwa wa mgongo. Asiyehisi hatakuambia panauma. Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia. Anayekaa kwenye kiti ainuliwe mara kwa mara. Kila asubuhi kagua makalio, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: gusa, tafuta joto, ugumu au weusi usioondoka. Ukiuona, asilalie tena hapo, usipasugue, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.