Peltier: Fundi Saa Aliyekuta Baridi Ndani ya Umeme



Wanafunzi wa fizikia hulitaja jina la Peltier kila mwaka, lakini ni wachache wanaojua alikuwa nani. Jean Charles Athanase Peltier alizaliwa mwaka 1785 katika mji mdogo wa Ham, kaskazini mwa Ufaransa, katika familia maskini. Chuo hakukiona. Alijifunza ufundi wa saa, akahamia Paris, akafanya kazi kwa Abraham-Louis Breguet, mmoja wa mafundi saa mashuhuri wa zama zile. Baadaye akafungua duka lake mwenyewe.

Mwaka 1815 mama mkwe wake alifariki na kuwaachia urithi mdogo. Mwingine angepanua duka. Peltier, akiwa na miaka 30, aliacha biashara akaanza kusoma, kwanza habari za ubongo, kisha umeme. Hakuwa na shahada wala cheo. Mtaji wake ulikuwa mikono na macho ya fundi saa, yaliyozoea kuona tofauti ndogo.

Mwaka 1834 aliunganisha vipande vya metali mbili, bismathi na antimoni, akapitisha mkondo wa umeme, kisha akapima joto sehemu moja baada ya nyingine. Ilijulikana kwamba umeme hupasha waya moto. Lakini yeye aliona kiungo kimoja kinapata joto na kingine kinapoa. Angeweza kusema kipimo kimeharibika na kuifuta namba ile. Hakuifuta. Aliiandika na kuichapisha, ingawa hakuielewa vizuri. Miaka minne baadaye, Emil Lenz aliweka tone la maji kwenye kiungo cha namna hiyo mjini St Petersburg, likaganda likawa barafu. Alipogeuza mwelekeo wa mkondo, barafu ikayeyuka. Shaka ikaisha.

Hata hivyo baridi ile haikufaa kitu kwa muda mrefu. Mkondo wenyewe huzalisha joto, na metali huwa mwepesi kurudisha joto upande uliopoa. Peltier aligeukia umeme wa angani na dhoruba, akafariki Paris mwaka 1845 bila kuona matumizi ya ugunduzi wake.

Mlango ulifunguka katika karne ya 20. Mwaka 1954 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mchanganyiko wa bismathi na teluri, ambao hupitisha umeme vizuri lakini joto kwa shida, unafaa kupozea. Lakini vifaa vilihitajika vidogo zaidi. Leza inayotuma mawasiliano kwenye nyaya za faiba lazima ibaki kwenye joto lile lile, la sivyo mwanga wake huhama kutoka kwenye rangi yake.

Hapo ilitumika njia inayofanana na ya kupaka vyombo fedha. Bismathi na teluri huyeyushwa katika asidi ya nitriki, kibao chenye uso wa metali kikatumbukizwa, kisha umeme ukapitishwa. Chembe hujishika juu yake tabaka kwa tabaka, hadi utando wa kimo kinachotakiwa. Mwaka 2003 watafiti wa maabara ya NASA huko California walieleza kifaa kilichotengenezwa hivyo, chenye vijiguzo 126 vya kimo cha maikromita 20 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Vijiguzo vifupi namna hiyo vinaweza kuondoa joto jingi kutoka eneo dogo sana.

Ndugu mwanafunzi, sote tunajua jambo linalofanyika maabara: jibu lisipokubaliana na kitabu, namba hurekebishwa ili tupate alama. Huenda mara nyingi kosa huwa letu kweli. Basi rudia kipimo, lakini andika ulichokiona, kwani ushahidi ni amana. Peltier hakujua sababu ya baridi ile. Aliitunza tu, na waliokuja baada yake wakaikuta.