Ivan Pavlov: Mtoto wa kasisi aliyesoma mate ya mbwa, na mafuriko yaliyowasahaulisha mbwa wake

Mtaje Pavlov mahali popote na jibu ni lile lile: yule Mrusi wa kengele. Anapiga kengele, mbwa anadondosha mate, basi.

Kumbe kengele haikuwa hata kifaa chake kikuu. Maabara yake ilitegemea zaidi metronomu, kile kidude cha wanamuziki kinachogonga tik-tak, pamoja na taa, milio ya umeme na miguso kwenye ngozi ya mbwa. Na Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 1904, akiwa Mrusi wa kwanza kuipata, haikutolewa kwa ajili ya mate na milio. Ilikuwa ya kazi yake juu ya namna tumbo linavyomeng'enya chakula.

Lakini mtu akimchukua leo mbwa aliyeachwa, akafika naye nyumbani na kumkuta anajificha chini ya meza kila ufagio unapoinuliwa, anakutana na jambo ambalo Pavlov ndiye aliyelichambua kwa kina kabla ya wengine. Mbwa huyo hana ukaidi wala wazimu. Ufagio umeshakuwa ishara ya kipigo.

Alitakiwa kuwa kasisi

Ivan Petrovich Pavlov alizaliwa Septemba 26, 1849 katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox, na Ivan alikuwa kifungua mimba katika familia yenye watoto wengi. Utotoni alianguka vibaya kutoka mahali pa juu, akachelewa kuanza shule hadi alipofika miaka 11.

Njia yake ilikuwa imeshapangwa: shule ya kanisa, seminari, kisha joho. Kilichoiharibu mipango hiyo ni vitabu. Kijana alisoma maandishi ya Ivan Sechenov, mtaalamu wa fiziolojia aliyedai kwamba hata kazi za ubongo zinaweza kuchunguzwa kama kazi za viungo vingine. Mwaka 1870 Pavlov akaacha seminari, akaenda Chuo Kikuu cha St. Petersburg kusomea sayansi. Baadaye aliongeza udaktari.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa kwelikweli. Alimuoa Seraphima mwaka 1881, na kuna wakati wenzi hao hawakuwa hata na uwezo wa kuishi pamoja, yeye akijibanza kwa mdogo wake Dmitri. Walifiwa na mtoto akiwa bado mdogo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake waliwahi kumchangia fedha kwa siri, wakisingizia ni malipo ya mihadhara, naye akazitumia kununua wanyama wa maabara. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi kidogo, inafanana naye.

Alikwenda kusoma Ujerumani kati ya 1884 na 1886, akarudi, akasubiri. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 40, ndipo alipopata uprofesa, na mwaka uliofuata akakabidhiwa idara ya fiziolojia katika Taasisi mpya ya Tiba ya Majaribio, St. Petersburg.

Kiwanda cha maji ya tumbo

Kabla yake, wataalamu wengi walimpasua mnyama akiwa hai, wakatazama haraka haraka, mnyama akafa. Pavlov aliona hiyo ni sawa na kuvunja saa ili kujua inavyokwenda. Alitaka mbwa aliyefanyiwa upasuaji apone, ale, acheze, ndipo achunguzwe kwa miezi au miaka.

Alizaliwa na shoto lakini alitumia mikono yote miwili, na kasi yake ya kupasua ilikuwa gumzo. Alijenga chumba cha upasuaji cha mbwa chenye usafi kama wa hospitali ya binadamu. Katika operesheni moja ngumu, sehemu ndogo ya tumbo la mbwa ilitengwa kuwa kifuko chake chenyewe, na mishipa ya fahamu ikaachwa salama. Mbwa kadhaa walikufa kabla ya mmoja, Druzhok, kufanikiwa mwaka 1894. Jina hilo kwa Kirusi ni kama kusema rafiki mdogo.

Wapo pia mbwa waliotobolewa koo, wakala nyama ambayo haikufika tumboni, huku tumbo likitoa majimaji kana kwamba chakula kimefika. Majimaji hayo yalichujwa na kuuzwa kwenye chupa kama dawa ya wenye matatizo ya kumeng'enya chakula, na mapato yakarudi maabara. Haya si mambo ya kupamba. Mbwa wake waliteseka, wengi walikufa, na hakuna kamati yoyote ya leo ingeruhusu sehemu kubwa ya kazi ile. Pavlov mwenyewe alijua wanyama walilipa gharama, na hilo litaonekana mbele.

Mate yanayotangulia chakula

Tatizo lililogeuza maisha yake lilianza kama usumbufu. Mbwa waliozoea maabara walianza kutoa mate kabla ya chakula kufika mdomoni. Bakuli likionekana, mate. Nyayo za mlishaji zikisikika, mate. Mtu mwingine angelaani vipimo vyake vilivyoharibika. Pavlov, baada ya kusitasita, akaona hapo ndipo penye kazi, na mwaka 1903 akaitangaza mbele ya madaktari wa kimataifa mjini Madrid.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuuelewa. Metronomu inagonga, halafu chakula kinakuja. Baada ya kurudia vya kutosha, metronomu peke yake inatosha kuleta mate, na msaidizi anahesabu matone. Ishara lazima itangulie. Chakula kikija kwanza na mlio baadaye, mbwa hashiki kitu, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea hadi leo: wanachomoa zawadi mfukoni kwanza, ndipo wanasema neno.

Aligundua pia kwamba kilichojifunzwa kinaweza kufifia. Gonga metronomu mara nyingi bila chakula, na mate yatapungua hadi yakauke. Ila usishangilie mapema: mpe mbwa mapumziko, mrudishe, na mate yatatoka tena. Somo la zamani halikufutika, lilikuwa limezuiwa tu. Ndiyo maana mbwa aliyeonekana kupona woga wake anaweza kuruka siku moja kama vile hajawahi kufundishwa lolote.

Mwanamke aliyefanya kazi katika maabara hiyo, Maria Erofeeva, alionyesha jambo la ajabu zaidi. Mshtuko dhaifu wa umeme ukifuatwa kila mara na chakula, na nguvu yake ikiongezwa polepole, mbwa anaacha kupambana na kuanza kudondosha mate. Kilichokuwa ishara ya maumivu kimegeuka ishara ya mlo. Jaribio lenyewe linaumiza kulisoma, lakini kanuni yake, bila umeme, ndiyo inayotumika sasa kwa mbwa waoga: kitu cha kutisha kinaonyeshwa kwa mbali, nyama inafuata, kesho kinasogezwa hatua moja.

Msaidizi mwingine, Shenger-Krestovnikova, alimfundisha mbwa kwamba duara lina chakula na umbo la yai halina. Umbo la yai likafanywa kukaribia duara kidogo kidogo, hadi mbwa akashindwa kutofautisha. Mnyama aliyekuwa mtulivu akaanza kupiga kelele, kujipinda na kung'ata mitambo, na hata maswali rahisi ya mwanzo yakamshinda. Hakuna aliyempiga. Alichanganywa tu.

Njaa, mapinduzi na amri ya Lenin

Mapinduzi ya 1917 yalimkuta Pavlov akiwa na miaka 68. Fedha za Nobel zikayeyuka. Mwanawe Viktor akafariki. Mji ulikosa chakula na kuni, mbwa wa maabara wakafa njaa, na mzee akalima bustani mwenyewe ili apate viazi. Mwaka 1920 akaandika kuomba ruhusa ya kuhama nchi.

Serikali haikutaka kumpoteza. Januari 1921 Lenin alisaini amri maalumu ya kumtunza Pavlov na kazi yake, na mwandishi Maxim Gorky akawekwa kuongoza kamati ya kusimamia hilo. Pavlov alibaki, lakini mdomo hakuufunga. Aliwakosoa Wabolshevik hadharani wakati ambao wengine walipotea kwa maneno machache kuliko hayo. Watoto wa makasisi walipofukuzwa Chuo cha Tiba cha Kijeshi, alijiuzulu uprofesa wake mwaka 1924, kwa sababu naye ni mtoto wa kasisi.

Ukali huo huo aliupeleka maabara. Alifoka, aligombeza, alidai watu wafike kwa dakika. Jioni au likizo alikuwa uwanjani akicheza gorodki, mchezo wa Kirusi wa kurusha fimbo kuangusha vipande vya mti, na kuwacheka wanaomkosa.

Safari yake ya Marekani mwaka 1923, akiwa na mwanawe Vladimir, ilimpa kisa kingine: waliporwa fedha zao zote ndani ya treni mjini New York.

Maji yalipoingia bandani

Septemba 23, 1924, mto Neva ulifurika na kuzamisha sehemu kubwa ya Leningrad. Maji yaliingia kwenye mabanda ya mbwa wa Pavlov. Wasaidizi walipofika, wanyama walikuwa wanaogelea kwa hofu karibu na dari ya vizimba, na kwa kuwa milango ilikuwa chini, ilibidi wavutwe kichwa kwanza ndani ya maji ndipo watoke. Waliokolewa.

Maabara ilipofunguliwa tena, baadhi yao walikuwa wamesahau kila kitu. Masomo ya miezi mingi hayakuonekana. Metronomu iligonga, na mbwa akamtazama mtu tu. Wengine wakakataa hata chakula. Na si wote: mbwa wawili waliopitia maji yale yale, mmoja aliendelea kama kawaida, mwingine akavunjika. Pavlov akazidi kuamini kwamba mbwa hawazaliwi na mishipa ya fahamu inayofanana.

Alexei Speransky ndiye aliyekuwa na mmoja wa hao waliovunjika. Kwa kawaida mbwa aliachwa peke yake chumbani, na mtafiti alikaa nje akiendesha vifaa. Speransky akaingia, akakaa naye. Mbwa akaanza kula, na masomo yakarudi taratibu. Akitoka, yanapotea. Hata nguo ya mtafiti ikiwekwa chumbani mahali mbwa hawezi kuiona, harufu yake ilisaidia.

Baada ya wiki kadhaa, mbwa alipoonekana amerejea, wakajaribu kitu kimoja: maji kidogo yakaachwa yatiririke chini ya mlango. Mara moja akavurugika upya.

Wahudumu wa vituo vya mbwa walioachwa wanaoketi kimya sakafuni karibu na mbwa mpya, bila kumgusa, huenda hawajawahi kusikia jina la Speransky. Wanachofanya ndicho hicho hicho. Na ushauri wa kumpelekea mbwa kipande cha nguo ya nyumba anakokwenda kabla ya kumchukua una mizizi isiyo mbali na chumba kile.

Kutoka Leningrad hadi Morogoro

Mwaka huo huo wa 1924, Mmarekani Mary Cover Jones alichapisha kazi yake ya kumtoa mtoto mdogo, Peter, kwenye woga wa sungura kwa kumsogeza mnyama hatua kwa hatua wakati mtoto anakula. Miaka ya 1940, Keller na Marian Breland wakaanza kufundisha wanyama kwa kidude kinachotoa mlio mfupi, na kila mlio ukimaanisha zawadi inakuja. Kujifunza kwa matendo na malipo hakukutoka kwa Pavlov, kulitoka kwa kina Thorndike na Skinner, lakini mlio wenyewe kupata thamani ni Pavlov mtupu.

Afrika Mashariki inao mfano wake. Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu huanza na somo hilo hilo: mlio, kisha chakula. Magawa, panya aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Cambodia, alianzia hapo.

Sanamu ya mbwa

Mwaka 1935 Leningrad ilipokea mkutano wa kimataifa wa wanafiziolojia, na Pavlov alikuwa mwenyeji wao. Mwaka huo, kwa pendekezo lake, sanamu ilisimamishwa katika bustani ya Taasisi ya Tiba ya Majaribio. Si yake. Ni ya mbwa, ameketi juu ya nguzo, na chini yake kuna michongo ya kazi za maabara. Mwaka huo pia alimzika mwanawe Vsevolod.

Alifariki Februari 27, 1936 kwa nimonia, akiwa na miaka 86, na kuzikwa katika makaburi ya Volkovo. Seraphima aliishi miaka 11 zaidi. Nyumba ya Ryazan ikafanywa makumbusho, na makazi yaliyozunguka maabara yake ya Koltushi, nje ya Leningrad, yakapewa jina la Pavlovo.