Luis Monti: Kiungo aliyecheza fainali mbili kwa mataifa mawili

HISTORIA ya Kombe la Dunia imeshuhudia nyota wengi waliocheza mchezo wa fainali zaidi ya mara moja. Hata hivyo, hadi fainali ya mwaka 2022 nchini Qatar, ni mmoja tu aliyefanya hivyo akiwa na jezi za mataifa mawili tofauti. Huyo ni marehemu Luis Monti, aliyeanza na Argentina na kumalizia Italia.

Monti alizaliwa jijini Buenos Aires Mei 15, 1901, katika familia yenye asili ya Italia. Alitwaa ubingwa wa Argentina na klabu ya Huracán mwaka 1921, akapita Boca Juniors kwa muda mfupi, kisha akatua San Lorenzo, alikonyakua mataji mengine matatu, mwaka 1923, 1924 na 1927.

Alicheza nafasi ya senta hafu, ambayo enzi hizo ilikuwa ya kiungo wa kati, mtu wa kukaba na kuanzisha mashambulizi. Alikuwa na mwili mpana, pasi za uhakika na ukabaji wa kibabe uliowatia hofu washambuliaji.

Mwaka 1930, katika fainali za kwanza za Kombe la Dunia nchini Uruguay, ndiye aliyeifungia Argentina bao lake la kwanza katika mashindano hayo, dhidi ya Ufaransa. Lakini kabla ya mchezo wa mwisho dhidi ya wenyeji, inasimuliwa kuwa alipokea vitisho vya kuuawa. Julai 30 mwaka huo aliingia dimbani Montevideo akiwa amepoteza makali yake. Argentina, iliyokuwa mbele kwa mabao 2-1 wakati wa mapumziko, ililala kwa mabao 4-2, na sehemu ya lawama ikamwangukia yeye.

Wakati huo soka la kulipwa lilikuwa bado kuruhusiwa rasmi nchini mwake. Juventus ya Turin ikamfungulia mlango. Alifika akiwa mzito na asiye fiti, akajifua upya, kisha akaisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wa Italia mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1932 hadi 1935.

Kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiitalia, kocha Vittorio Pozzo alimwita timu ya taifa. Juni 10, 1934, mjini Roma, mbele ya mtawala Benito Mussolini aliyelitaka kombe hilo kwa sifa za utawala wake, Italia iliifunga Czechoslovakia mabao 2-1 katika muda wa nyongeza. Safari hii Monti alikuwa bingwa.

Novemba mwaka huo, dhidi ya Uingereza jijini London, alivunjika mguuni dakika za mwanzo. Wakati huo hapakuwa na wachezaji wa akiba, hivyo Italia ikabaki pungufu na kufungwa mabao 3-2.

Alistaafu mwaka 1939, akawa kocha, na alifariki dunia Septemba 9, 1983, akiwa na umri wa miaka 82. Alionja kushindwa kwa jezi ya nchi iliyomzaa na ushindi kwa jezi ya nchi ya mababu zake, na kote kuwili mpira ulikuwa umebeba mzigo mzito kuliko mchezo wenyewe.