Dian Fossey, mbwa wake, na ng'ombe wa majirani



Wote munamjua yule mbwa mwekundu anayelala nyuma ya jiko. Muhula huu, kama mkubwa wa wanafunzi, nilipewa kazi ya kumfukuza, nami nilimfukuza kwa mawe. Kesho yake mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza akaniuliza kosa la mbwa lilikuwa nini. Sikupata jibu. Nikamwambia aende kunawa miguu, kengele imekaribia kulia. Lakini lile swali halikuniacha, na njo lilinifanya nitafute maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalisikia mara nyingi huku Kivu, sababu ya gorila, lakini maisha yake yenyewe hatuyajui vizuri. Ni Dian Fossey. Alikuwa mzungu wa Marekani, alifanya kazi mu milima ya Virunga miaka karibu 19, akauawa kule kule. Wengi wanafikiri kazi yake ilianzia Rwanda. Hapana. Ilianzia kwetu, Kongo.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 mu mji wa San Francisco. Wazazi wake waliachana akiwa mtoto mdogo, mama akaolewa tena, na yule baba wa pili hakutaka wanyama nyumbani. Walimruhusu samaki mmoja tu, yule mdogo mwekundu wa kufugwa ndani ya chupa. Samaki alipokufa mtoto alilia siku nyingi, na hakupewa mwingine. Alipokua alianza masomo ya kuwa daktari wa wanyama, lakini kemia na fizika zilimshinda. (Wenzangu wa sehemu ya sayansi, mutulie, si ninyi wa kwanza.) Akabadilisha masomo, akapata diploma mwaka 1954, kisha akaenda mu mji wa Louisville kufanya kazi mu hospitali ya watoto wenye ulemavu, akiwafundisha kutumia tena mikono na miguu yao. Alikaa nje ya mji, mu nyumba ya shambani, pamoja na mbwa watatu wakubwa. Wanaosimulia habari zake wanasema wale watoto walimpenda sana, maana alikuwa na uvumilivu wa kukaa kimya karibu na mtu anayeogopa, mpaka woga utoke. Mtu anayejua kukaa hivyo na mtoto, nafikiri anaweza kukaa hivyo na gorila pia.

Mwaka 1963 alikopa pesa nyingi, dola karibu 8.000, akaja kutembea Afrika. Kule Olduvai, Tanganyika, alionana na Louis Leakey, yule mtaalamu wa mifupa ya zamani. Alianguka kwenye machimbo akaumia mguu, lakini muda mfupi baadaye alipanda mlima Mikeno akichechemea, akaona gorila kwa mara ya kwanza. Alirudi Marekani kulipa deni. Mwaka 1966 Leakey alifika Louisville, akamchagua kwa kazi ya kuchunguza gorila, na akamwambia kwanza apasuliwe atolewe kidole tumbo, sababu porini hakuna daktari. Dian akaenda akapasuliwa. Baadaye Leakey akamwandikia kwamba haikuwa lazima, alitaka tu kuona kama ana moyo wa kazi.

Basi mwezi wa Januari 1967 alipiga hema yake pale Kabara, ku mlima Mikeno, ndani ya mbuga ambayo leo tunaita Virunga. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1925 na njo ya kwanza mu Afrika yote. Alijifunza kuwaendea gorila kwa magoti, macho chini, akitafuna majani kama wao na kujikuna kama wao, ili waone hakuna vita. Alifurahi sana pale, lakini hakukaa. Wazee wetu wa Bukavu wanaukumbuka mwaka ule: mamluki waliasi mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti kundi la Schramme likateka mji, likaushika mpaka Novemba. Dian naye, tarehe 9 Julai, askari walimpandia Kabara wakamteremsha mpaka Rumangabo, akawekwa chini ya ulinzi. Alitoka kwa akili. Aliwaeleza askari kwamba lazima aende Kisoro, Uganda, kushughulikia karatasi za gari na kuchukua pesa, nao wakakubali kumsindikiza. Walipofika kwenye hoteli ya Kisoro, askari wa Uganda wakawakamata wale wasindikizaji. Yeye akabaki huru. Hakurudi tena Kabara kuishi.

Tarehe 24 Septemba 1967 akaanza upya upande wa Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Visoke, mita 3.000 juu, pahali pa baridi, mvua na matope kila siku. Aliunganisha majina ya ile milima miwili, akaita kambi Karisoke. Wenyeji walimpa jina Nyiramacibiri, ambalo watu hulieleza kuwa ni mwanamke anayekaa peke yake porini.

Lakini peke yake namna gani? Pale kambini alikuwa na kuku. Alikuwa na kima, ambaye alimnunua kutoka mikono ya watu waliomkamata, ili asiuzwe pengine, akamwita tu Kima. Yule alikuwa mharibifu wa kila kitu nyumbani. Na alikuwa na Cindy, mbwa jike wa aina ya bokseri, aliyefika pale akiwa mdogo. Cindy hakuwa mbwa wa kulinda wala wa kuwinda. Alikuwa mwenzake wa kukaa naye jioni, mvua inaponyesha na moto unapowaka. Kwetu mbwa anakula mabaki na anabweka usiku, na kama hafanyi kazi hiyo anafukuzwa. Sisemi ni vibaya, nasema ni vile tumezoea.

Mwaka 1969 waliletewa Dian watoto wawili wa gorila waliokuwa karibu kufa. Walikuwa wamekamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya mji wa Köln, Ujerumani. Mujue kwamba gorila wazima hawamwachi mtoto wao achukuliwe. Kukamata mtoto mmoja ni kuua wakubwa wanaomzunguka, na hapa watoto walikuwa wawili. Dian akawaita Coco na Pucker. Aligeuza chumba ndani ya nyumba yake kuwa pori dogo kwa majani na miti, akawapa maziwa na dawa, akalala karibu nao usiku. Walipopata nguvu walicheza na Cindy, wakikimbizana na kuvutana. Alitamani kuwarudisha porini kwa gorila wenzao. Haikuwezekana. Aliambiwa kwamba asipowatoa, watakamatwa wengine badala yao. Hapo angefanya nini? Kukataa kulikuwa na maana ya familia nyingine kuuawa. Akawatoa. Walipelekwa Köln, wakaishi miaka tisa hivi, wakafa wote wawili mwaka 1978.

Sasa nifike kwenye habari iliyonifanya niandike. Siku moja mu miaka ya mwanzo ya kambi, Cindy akaibwa. Kule mbugani kulikuwa na wachungaji walioingiza ng'ombe wao kinyume cha sheria, na kulikuwa na majangili waliotega mitego ya swala. Dian na wanyama wake walikuwa adui wa wote wawili. Mbwa alipopotea, hakwenda kushitaki popote. Alikamata ng'ombe wa wachungaji, akawafungia kambini, na ikatangazwa kwa sauti mu mlima mzima kwamba kila siku itakayopita bila mbwa kurudi, ng'ombe mmoja atachinjwa. Wachungaji wenyewe wakasaidia kumtafuta mbwa kwa majangili, akarudishwa mzima. Ng'ombe nao wakarudi kwa mwenyewe.

Nilipowasomea wenzangu wa chumba habari hii, nusu walicheka na nusu walikasirika. Sisi huku Bushi, munajua ng'ombe ni nini. Ng'ombe ni mahari ya kaka, ni karo ya shule, ni heshima ya mzee mbele ya watu. Mtu anawezaje kuweka maisha ya ng'ombe wa familia nzima juu ya mizani na mbwa mmoja? Mwenzangu mmoja akasema yule mamzeli alikuwa hana adabu kwa watu. Mwingine akasema mwizi hakuwa Dian, mwizi alikuwa yule aliyechukua mbwa. Tulibishana mpaka taa ilizimwa. Mimi ninaona hivi: upendo wake kwa yule mbwa ulikuwa wa kweli, na njia yake ilikuwa mbaya. Alimwadhibu mwenye ng'ombe kwa kosa ambalo hakulijua bado ni la nani.

Na haikuwa mara moja. Miaka ilivyopita alizidi kuwa mkali. Aliwalipa watu kuvunja mitego, na mitego ilivunjwa kwa maelfu. Hiyo ni kazi safi. Lakini majangili waliokamatwa walipigwa hata kwa majani yanayowasha, na aliwatisha kwa vinyago na michezo ya uchawi. Watu waliokaa chini ya mlima walikuwa maskini na mashamba yalikuwa madogo. Mwaka 1969 serikali ilikata karibu hekta 10.000 za mbuga zipandwe pareto, na bado ardhi haikutosha. Aliyetega swala mara nyingi alitafuta nyama, si gorila. Gorila alinaswa tu, kisha mkono ukaoza. Hayo Dian aliyajua, lakini hakuwa na uvumilivu na mkulima kama aliokuwa nao na wale watoto wa Louisville.

Lililomvunja moyo kabisa lilitokea tarehe 31 Desemba 1977. Kulikuwa na gorila dume kijana anayeitwa Digit, aliyemjua tangu akiwa mdogo; alimwita hivyo sababu ya kidole chake kimoja kilichoharibika. Majangili walikuja na mikuki na mbwa wao. Digit alibaki nyuma kuwazuia ili familia yake ikimbie, akaua mbwa mmoja, akafa kwa mikuki. Walikata kichwa na mikono. Hapa mimi nilisimama kusoma. Maana yule mbwa aliyekufa pale naye alikuwa mbwa kama Cindy, tofauti ni nani alimlisha na alimfundisha nini. Baada ya hapo, mwaka 1978, Dian alianzisha mfuko wa pesa kwa jina la Digit, ambao mpaka leo unaendelea kwa jina lake mwenyewe, na unafanya kazi hata hapa Kongo. Mwaka 1983 akatoa kitabu chake kuhusu gorila wa ukungu, kikasomwa dunia nzima.

Aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake usiku. Maiti ilikutwa tarehe 27 Desemba 1985. Alikuwa na miaka 53. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mwanafunzi wake mmoja Mmarekani, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka, naye alikana; watu wengi hawakuamini hukumu ile, na mpaka leo wanabishana juu ya muuaji.

Mwaka 1981 gorila wa milima ya Virunga walikuwa wamebaki karibu 250 tu. Hesabu za miaka ya 2015 mpaka 2018, pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, zilitoa gorila 1.063. Wale wa Kahuzi-Biega, jirani zetu, ni wa aina nyingine, gorila wa mabonde, na habari yao si nzuri vile. Mbuga yetu ilianzishwa mwaka 1970, na Adrien Deschryver alikuwa mtu wake mkubwa wa mwanzo. Familia za Wambuti, yaani Batwa, zilitolewa mule porini miaka ile ile bila kupewa ardhi nyingine, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba walionewa. Tunasoma na watoto wao. Na pale Lwiro, ambapo tunaweza kufika kwa miguu, kuna tangu mwaka 2002 kituo kinachopokea sokwe na nyani walionyang'anywa wauzaji. Sokwe peke yao wamepita 100. Wanaowalisha kwa chupa ni mama zetu na dada zetu wa vijiji vya hapa. Nilipofika kule likizo iliyopita, nilimwona mmoja amembeba sokwe mdogo mgongoni kwa kitenge, huku anaongea na jirani bei ya maharagi.

Yule mbwa wa jiko amezaa, ni wanne. Sijatoa amri nyingine.

Dian Fossey alizikwa Karisoke tarehe 31 Desemba 1985, mu makaburi aliyochimba mwenyewe kwa ajili ya gorila waliouawa, kando ya Digit. Kambi yenyewe iliharibiwa wakati wa vita vya miaka ya 1990. Nyumba hazipo tena, pori limerudi juu yake, na wageni wanaopanda kule wanaonyeshwa makaburi.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita