Évariste Galois, kijana aliyeanguka mtihani

Ninyi wenzetu wa kalasi ya sita munaokosa usingizi juu ya mtihani wa Serikali, safari hii tunawaletea maisha ya kijana mmoja Mfaransa.

Galois alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1811 huko Bourg-la-Reine, karibu na Paris. Shuleni alishikwa na hesabu, masomo mengine akayaacha. Alijaribu kuingia École Polytechnique mwaka 1828, akaanguka. Akajaribu tena 1829, siku chache tu nyuma ya baba yake kujiua, akaanguka tena. Watu wanasimulia kama alimtupia mtahini kifutio cha ubao, lakini hadisi hiyo sisi hatuiamini sana.

Mwaka 1830, akiwa na miaka 18 sawa sisi, alitoa maandiko juu ya hesabu zenye mwisho. Tazameni siku za juma: ziko 7 tu. Siku ya 5 ukiongeza 4, haufiki 9, unarudi kwa 2. Hata kugawanya kunawezekana: 3 mara 5 ni 15, ukitoa 7 mara mbili inabaki 1, basi 1 kugawanya kwa 3 ni 5. Ukijaribu vile na 8 unakwama, kwa sababu 2 mara 4 inatoa 0. Galois alionyesha njia ingine, inayofaa hata kwa 8, hata kwa 256.

Faida yake ni nini? Mwaka 1960 Waamerika wawili, Reed na Solomon, walitumia hesabu hizo kulinda ujumbe. Chombo Voyager 2 kilipopita karibu na Uranus mwaka 1986, kilituma picha hivi: katika kila namba 255, namba 32 zilikuwa za ulinzi. Zikiharibika njiani hata 16, mpokeaji anatunga mlinganyo ambao majibu yake yanaonyesha mahali penye kosa, naye anatengeneza. Haombi zirudiwe. Na angeomba namna gani? Redio kutoka kule ilichukua zaidi ya saa mbili!

Galois alifukuzwa École Normale 1831 juu ya siasa, kisha akafungwa. Usiku wa tarehe 29 Mei 1832 alimwandikia rafiki yake Chevalier barua ndefu ya kueleza kazi zake, maana kesho yake alipaswa kupigana kwa bastola. Risasi ilimpata tumboni. Alikufa tarehe 31, na miaka 20. Aliyechapa karatasi zake, mwaka 1846, ni Liouville, profesa wa Polytechnique ile ile.